Kahawa ya Mbinga Ina Mwonjaji, Mganda Hauna

Kahawa ya Mbinga haifiki sokoni peke yake. Mkulima wa Umatengo huchuma matunda mekundu, akayamenya, akaichachusha buni, akaiosha na kuianika. Chama chake cha msingi huikusanya. Kiwanda huikoboa na kuipanga kwa madaraja yajulikanayo kwa herufi za AA, A, B, PB na nyinginezo. Kisha sampuli yake hukaangwa, ikasagwa, ikamiminiwa maji ya moto, na mtu aliyeisomea kazi hiyo huivuta kwa kijiko, huizungusha mdomoni, huitema, na kuandika karatasini alilolionja. Mtu huyo hulipwa mshahara kwa ulimi wake. Anajua ladha ambayo mnunuzi wa Ujerumani huitafuta, anajua ile ambayo mnunuzi wa Japani huilipia zaidi, na anajua kwamba hizo si ladha moja. Bila ya yeye mkulima angeuza kwa kubahatisha.

Ukishuka kutoka Mbinga mjini kuelekea magharibi, kwa barabara ya lami ipindayo milimani, baada ya mwendo usiofika kilomita 70 unatokea Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 470 juu ya usawa wa bahari. Hapo, na katika vijiji vya mwambao kuanzia Lituhi upande wa kaskazini, kupitia Liuli, hadi kuukaribia mpaka wa Msumbiji, kuna zao jingine ambalo halikobolewi wala halipimwi kwa mizani. Ni ngoma ya mganda. Huchezwa na wanaume, na wanawake wana kioda yao. Wachezaji wa mganda hujipanga safu kama askari wa gwaride, mavazi meupe yamepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi chini ya magoti. Ngoma kubwa hushika mwendo, na malipenga ya vibuyu, yenye utando mwembamba uliobandikwa juu ya tundu, huigeuza sauti ya mtu ikawa mlio wa tarumbeta. Aghalabu chama cha mganda huwa na vyeo vyake, na mwenye cheo hukilinda kama vile mshahara ungefuatana nacho. Kiangazi kifikapo na mavuno yakiwa ghalani, kijiji hukialika kijiji. Wenyeji huwalisha wageni wao, na wageni hao nao hujua kwamba siku moja watatakiwa kulisha.

Swali letu ni moja: mwonjaji wa mganda yuko wapi?

Tunaandika haya tukiwa na wasomaji wa namna mbili moyoni. Wa kwanza ni ndugu zetu wa Visiwani, ambao huenda wakashangaa kwa nini gazeti lao linawapeleka mbali hivyo, hadi kwenye ziwa ambalo wengi wao hawajaliona. Wa pili ni watumishi wa serikali, wa mkoa wa Ruvuma na wa wizara, ambao kalamu zao ndizo zinazoandika bajeti. Tunawaomba wote wavumilie, maana jambo lenyewe linawahusu wote.

Ipo kazi moja ulimwenguni ambayo kwetu haijapata jina lililozoeleka. Ni kazi ya mtu mwenye mguu mmoja katika utafiti wa soko na mguu wa pili katika muziki na ngoma za mataifa. Mtu huyu anafahamu namna ya kuwauliza watu wa lugha na mila mbalimbali wanapenda nini, wanalipia nini na kwa sababu gani; na papo hapo anafahamu ngoma inavyopigwa, inavyochezwa, ni nani mwenyewe, na ni wakati gani isichezwe. Wako wengi wenye ujuzi mmoja kati ya hizo mbili. Wenye zote mbili ni wachache, na wachache hao aghalabu wametoka mbali na wamerudi mbali.

Hata jina la "muziki wa dunia", ambalo leo limeandikwa juu ya matamasha makubwa ya Ulaya, halikutungwa na wanamuziki. Katika kiangazi cha mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja mjini London iitwayo Empress of Russia. Shida yao ilikuwa shida ya rafu. Mteja akiingia dukani akataka santuri ya Mali, ya Zimbabwe au ya Bulgaria, muuzaji hakujua aiweke wapi, na kisichokuwa na mahali pa kuwekwa hakinunuliwi. Wakachagua neno moja la kuandikwa juu ya rafu, wakachanga fedha za kulitangaza, na mauzo yakapanda. Basi kile tukionacho kuwa aina ya muziki kilianza kama matokeo ya utafiti wa soko. Hatusemi hivyo kwa dharau. Miongoni mwa waliofaidika na rafu ile ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ambaye sauti yake na marimba yake yalirekodiwa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na akawachezea watu wa mabara kadhaa kabla ya kufariki Desemba 2003.

Ndugu zetu wa Visiwani walikwisha kuyaona haya kabla ya mtu mwingine yeyote katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1928 kampuni ya santuri yenye chapa ya His Master's Voice ilimsafirisha Siti binti Saad pamoja na wenzake hadi Bombay kwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili. Kampuni ile haikuja kwa mapenzi. Iliona kwamba Unguja kulikuwa na watu wenye vinanda vya santuri majumbani na mikahawani, waliokuwa wakinunua nyimbo za Misri na za Bara Hindi, na ikahisi kwamba watu hao wangenunua zaidi lau wangeimbiwa kwa lugha yao wenyewe. Dhana hiyo ilikuwa sahihi. Santuri za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache tu, na kampuni nyingine zikaja mbio. Huo ulikuwa utafiti wa soko wenye kuvuka mila na lugha, hata kama wakati ule hakuna aliyeuita hivyo. Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950, na wasomaji wa Shaaban Robert wanajua kwamba utajiri haukuwa miongoni mwa alivyoviacha.

Mwaka huohuo wa 1950 mtu mwingine alikuwa akizunguka Afrika ya Mashariki kwa gari lenye mashine ya kurekodi. Huyo ni Hugh Tracey. Kazi yake tunaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu katika sehemu zetu za dunia hatujui mfano ulio karibu zaidi na ile kazi tunayoisema. Alizaliwa Uingereza, akaja Rhodesia ya Kusini mwaka 1921 akiwa kijana ili kulima tumbaku pamoja na ndugu yake. Shambani alijifunza lugha na nyimbo za vibarua, na mwaka 1929 akawapeleka baadhi ya waimbaji hadi Johannesburg kurekodiwa. Baadaye alitumikia redio katika Afrika ya Kusini, kisha kampuni ya santuri ya Gallo ikamgharimia safari zake. Kampuni ilitaka kujua kipi kingeuzika miongoni mwa makabila mengi yaliyokusanyika migodini na mijini. Tracey alitaka kuhifadhi kila alichokisikia. Matakwa hayo mawili yalipanda gari moja. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ijulikanayo kwa herufi za ILAM, na mwaka huohuo akaanza kuunda na kuuza ng'ambo ala aliyoiita kalimba, iliyotokana na marimba ya vidole ya wenyeji aliowasikiliza. Mfululizo wa santuri zake ulipita mia mbili, na ndani yake zimo sauti za Tanganyika.

Tracey alifariki mwaka 1977, na maktaba yake ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown. Lau si yeye, sauti nyingi zingekufa pamoja na wenyewe. Hilo tunalikiri bila kusita. Hata hivyo, wasichana wa Kipsigis wa Kenya aliowarekodi mwaka 1950, ambao wimbo wao ulipata umaarufu katika nchi ambazo hawakuzijua, walikaa zaidi ya miaka 60 pasipo nakala ya sauti zao kurudishwa kijijini. Ilirudishwa katika miaka ya 2010, kwa juhudi za maktaba hiyohiyo na za wanamuziki wa Kenya. Baadhi ya wahusika walikuwa wamekwisha zeeka, na wengine hawakuwapo tena.

Huo ndio mzani wenyewe. Mtaalamu wa aina hii akitoka nje, anajua soko vizuri na kijiji kwa kiasi, na faida hukaa soko lilipo. Akitoka kijijini pasipo kusomea soko, hubaki akingoja mgeni. Tunachokitaka kwa Mbinga na Nyasa ni mtu wa tatu.

Tukisema utafiti wa soko, wengine hudhani ni kugawa karatasi za maswali. Tuchukue swali jepesi kuliko yote: "Je, wapenda ngoma?" Mzee wa Liuli atajibu akifikiria mganda, kaka zake, na ugomvi wa mwaka jana juu ya chama gani kilishinda. Mtu wa Pemba atafikiria msewe au kibati. Kijana wa Dar es Salaam atadhani unamwuliza juu ya wimbo mpya wa msanii fulani, kwa kuwa kwake kila wimbo uliotoka studio ni ngoma. Na kuna mahali ambapo neno hilo, tangu UKIMWI ulipoingia, hutumika kwa mafumbo kuutaja ugonjwa wenyewe, na muulizaji atatazamwa kwa jicho baya. Neno ni moja, la Kiswahili, ndani ya nchi moja, na majibu hayajumlishiki. Sembuse swali lilotungwa Paris na kufasiriwa kwa Kimatengo? Ndiyo maana kazi hii inataka mtu aliyelala vijijini, anayejua Kimatengo cha milimani na Kimpoto cha mwambaoni, anayejua kwamba Mngoni wa Songea atamwambia habari za lizombe na kwamba asiyatie majibu hayo katika kapu la mganda.

Mtu kama huyo angeanza kwa kuuliza mambo ambayo hayajaandikwa mahali popote panapoweza kusomwa na mwenye kutaka kualika kikundi. Ni vyama vingapi vya mganda na kioda vilivyo hai kutoka Lituhi hadi mpakani? Nani ni mwenye wimbo: aliyeutunga, chama, au kijiji? Mganda kamili huchukua alasiri nzima. Jukwaa la tamasha hutoa nusu saa. Je, ni sehemu ipi inayoweza kukatwa bila ya ngoma kuwa kichekesho, na ni nani mwenye haki ya kuikata? Wachezaji wakilipwa fedha badala ya kulishwa, je, desturi ya mwaliko itabaki? Upande wa pili angewauliza wenye hoteli za Unguja, waandaaji wa Sauti za Busara, ambalo limefanyika Mji Mkongwe tangu mwaka 2004, watu wa redio, na Watanzania waishio Oman na Uingereza: mnatafuta nini, mwezi gani, watu wangapi, na mtalipa kiasi gani? Majibu hayo mawili yakiwekwa juu ya meza moja ndipo kazi inapoanza.

Mwambao wa Nyasa umekwisha ingia katika masoko ya dunia kwa njia nyingine, ya ajabu kidogo. Wafugaji wa samaki wa mapambo, huko Ulaya na Marekani, wanayajua majina ya Mbamba Bay, Liuli na kisiwa cha Lundo, kwa sababu samaki wadogo wa rangi wa ziwani, waitwao mbuna, hutajwa kwa majina ya mahali walipovuliwa. Mtu mwenye tangi la kioo sebuleni kwake anaweza kukuambia samaki wa Lundo anatofautianaje na wa Liuli. Wapo wataalamu waliozama majini wakayachunguza hayo jabali kwa jabali. Juu ya watu wanaoishi kwenye majabali hayohayo, mfugaji huyo hajui neno.

Kuna sababu ya kuwaambia hayo watu wa Visiwani hasa. Mganda ni jamaa yao. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha namna beni ilivyozuka katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, ikiiga gwaride na bendi za Wazungu, na jinsi askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 walivyoieneza bara. Ziwa Nyasa lenyewe liliiona vita hiyo mapema mno: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani hapo Liuli, ambapo wakati ule pakiitwa Sphinxhafen. Vita ilipokwisha gwaride lilibaki, likavuliwa bunduki, likapewa kibuyu. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, hata katika visiwa vya Likoma na Chizumulu, ndugu wa mganda huitwa malipenga. Basi Mzanzibari aionaye beni ya arusi ikipita mitaani Mji Mkongwe anaitazama shina ambalo tawi lake limechipua kilomita mamia kadhaa kutoka baharini.

Malawi imetangulia. Mwaka 2018 ngoma ya mwinoghe ya kaskazini mwa nchi hiyo, upande uleule wa ziwa, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Tanzania iliridhia mkataba wa urithi huo mwaka 2011. Kuandikwa huko si biashara, wala hakumlishi mchezaji. Lakini faili lake haliwezi kujazwa pasipo mtu aliyekwenda vijijini akauliza, akahesabu na akapata ridhaa ya wenyewe. Faili hilo na utafiti tunaousema huanza kwa daftari lilelile.

Wapo watakaotupinga wakisema kwamba ngoma si mbuni, na kwamba ikipelekwa sokoni itaharibika. Hatuwapuuzi. Wenye umri wanakumbuka vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ambavyo vilipiga ngoma za makabila kumi katika baa kwa usiku mmoja, kila moja imefupishwa na kukolezwa viuno ili mnywaji asiondoke. Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilalamikia jambo hilo kwa maandishi, na walikuwa na haki. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Vikundi vile havikuwa na mtafiti hata mmoja. Mwenye baa ndiye aliyeamua, na mwenye baa aliwajua wateja wa aina moja tu. Soko lilikuwapo tayari. Aliyekosekana ni mtu wa kulijua na kulikataza.

Sheria haikosekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na ngoma zimo. Anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa apate idhini, na Baraza la Sanaa la Taifa limepewa dhamana hiyo. Visiwani kuna sheria yao ya mwaka 2003. Tunawauliza maafisa wanaohusika, kwa heshima: idhini hiyo itaombwaje kwa ngoma ambayo wenyewe hawajaorodheshwa? Ofisi haiwezi kulinda isichokijua.

Septemba 2024 Tamasha la Utamaduni la Kitaifa lilifanyika Songea, na ngoma za mkoa zilichezwa mbele ya viongozi wa taifa. Ilikuwa heshima kubwa, nasi tunaipongeza. Lakini tamasha hudumu siku chache. Mwaliko unaofuata hutoka kwa mtu aliyeiona ngoma, akataka kujua aandike barua kwa nani, na gharama yake ni kiasi gani. Tunatamani barua hiyo iwe na mahali pa kufikia.

Tunachokiomba si wizara mpya wala jengo. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi ilipomegwa ile ya Nyasa, zishirikiane kumsomesha na kumwajiri mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, mzaliwa wa huko. Asome biashara na takwimu, na asome muziki. Chuo cha Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981, na Visiwani kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ambacho walimu wake wanajua kuandika kwa nota kile ambacho wazee hukipiga kwa kichwa. Hapo ndipo tunapowaita ndugu zetu wa Visiwani. Wao wamekwisha pitia njia hii tangu siku za Bombay. Wanajua mkataba mbaya unafananaje, na wamemwona Bi Kidude akitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, baada ya maisha marefu ambayo malipo yake hayakulingana na sauti ile. Wampokee kijana huyo kwa mwaka mmoja, wamfundishe, wamrudishe.

Mshahara wake tumeufikiria pia. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya huduma mbalimbali, na hatuoni kuwa ni haki kumtwisha mkulima mzigo mwingine kwa ajili ya ngoma. Alipwe na halmashauri, kama anavyolipwa afisa kilimo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mganda huchezwa kiangazi hichohicho.